Mteja kaja na kichwa kinamuuma, usikimbilie kumwambia ana deprisheni

Hii nawaandikia nyinyi makaunsela wapya wa hapa Mombasa, mliopata vyeti juzi na mkakodi kiofisi Majengo ama Kisauni, feni moja viti viwili na boksi la tishu. Mambo ya kumpokea mteja mlifundishwa, mimi nataka tuongee kuhusu ile kazi ya kujua mtu ana nini hasa, manake huko ndiko tunakoharibu.

Mtu wa huku hakujii akakwambia ana deprisheni. Atakwambia kichwa kinawaka moto, moyo wamwenda mbio, usingizi hamna, mwili mzito, ama tu "nina mawazo". Na kabla ya kukufikia wewe ashaenda kupimwa presha, ashaenda kwa shekhe akasomewa, na pengine kwa mganga pia ila hilo siku ya kwanza hakwambii ng'o. Usimcheke. Muulize, nyumbani wanasema ni nini? Akisema ni jini andika jini, kisha endelea kuuliza, likija humfanyaje, huja saa ngapi, lilianza lini, na kabla halijaanza kulitokea nini hapo nyumbani. Dalili zako zote zimo humo na hujagombana na imani ya mtu. Kisomo aendelee nacho, mimi sina neno, ilimradi asifungwe kamba, asipigwe na asiachishwe dawa.

Halafu fomu. PHQ-9, ile ya kupimia deprisheni, ipo kwa Kiswahili, maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Ikifika 10 kaza macho, ikifika 20 hali ni nzito. Ya wasiwasi ni GAD-7, maswali 7 jumla 21. Lakini fomu ni kama kipimajoto, itakwambia joto liko juu, haikwambii ni malaria ama ni taifodi. Na msomee wewe mwenyewe. Mama mmoja nilimuuliza kama hafurahii kufanya mambo akanitazama, "mwanangu, lini mimi nilifurahia kufua?" Ikabidi nimuulize anachokipenda, akasema kusuka mikeka, na ukili hajaushika tangu mfungo sita. Basi hiyo ndiyo alama 3 yenyewe. Ili uite deprisheni unataka dalili 5 kati ya 9, wiki 2 kwenda juu, na moja yao lazima iwe huzuni au kukosa hamu, tena ziwe zimemharibia kazi au nyumba.

Sasa hata zikitimia zote bado usiseme, kwanza toa vinavyofanana nayo. Tezi ya shingo ikiwa mvivu mtu anachoka na kununa vilevile, damu ikipungua pia, kwa hivyo mtume hospitali akapimwe. Kuna muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Ukimuuliza kijana kama anatumia mihadarati atakwambia la, na hajadanganya, kwake yeye muguka si mihadarati. Uliza anatafuna ya pesa ngapi, anaanza saa ngapi, analala saa ngapi. Mtu aliye na handasi, ule mchangamko wa muguka, usiku kucha atakuwa na wasiwasi, atashuku majirani, kisha kesho yake anaanguka kabisa hataki hata kuoga, na wewe hapo ushaandika magonjwa mawili. Kaunti ilipiga marufuku 2024, korti ikasimamisha ile amri, na sisi tunaendelea kuwapokea tu. Wa unga, yaani heroini, ni habari nyingine, arosto, yale mateso ya kuukosa, haiponi kwa mazungumzo, mpeleke kliniki ya methadoni, dawa inayopewa badala ya unga, kisha nyinyi muendelee na mazungumzo pembeni.

Nililoliharibu mimi mwenyewe ni hili. Kijana wa tuktuk, nimebadilisha mambo asijulikane, alikuja kanywea, halii hacheki, wiki tatu ndani. Nikaandika deprisheni, daktari akaamini barua yangu akampa dawa za deprisheni, haujafika mwezi dadake ananipigia simu usiku, kaka halali, anaongea mbio, kakopa pesa za kununua tuktuk tatu. Ilikuwa baipola, ugonjwa wa mtu kushuka kwa huzuni kisha kupanda juu kupita kiasi. Dawa za deprisheni zikipewa peke yake zaweza kumrusha mtu kama huyo juu, na mimi swali moja tu sikuuliza: ushawahi kukaa siku kadhaa huhitaji usingizi, nguvu zimejaa, maneno na pesa vinamwagika mpaka watu wakashtuka? Siku 4 mfululizo tayari ni za kushuku, wiki nzima ndiyo yenyewe. Na usimuulize yeye peke yake, yeye zile siku anazikumbuka kama siku nzuri kabisa za maisha yake, muulize dadake akikuruhusu.

Kujiua uliza kila mteja, waziwazi, "umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo, wengi wanashusha pumzi kuwa hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndio, uliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Akiwa navyo haendi nyumbani peke yake, ita mtu wake, hicho kitu kiondolewe, na siku hiyohiyo afike Coast General ama Port Reitz aonwe na daktari wa akili.

Tiba yenyewe usianze na utotoni. Kwa deprisheni anza na vitendo vidogo, yule mama nilimpa ukili pima moja kwa siku, apende asipende, manake hamu hurudi baada ya kazi, ukiingojea irudi kwanza mtakaa sana. Wa wasiwasi wa ghafla anayeogopa feri ya Likoni, msogeze polepole, leo mfike pale mtazame watu wakivuka, wiki ijayo apande na nduguye, kisha peke yake, na akae mpaka moyo utulie wenyewe asikimbie. Aliyeona ajali jana usimwite PTSD, ule ugonjwa wa kiwewe kisichoondoka, hiyo inahesabiwa ukipita mwezi.

Dawa si kazi yetu, lakini maswali ya dawa yatakujia wewe. Mwambie za deprisheni huchukua wiki 2 hadi 6 kushika, na asiache ghafla akijisikia nafuu. Karibu na Ramadhani uliza nani anameza nini. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, amuone daktari kabla ya kufunga, mwili ukikauka maji ile dawa inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu.

Rudia PHQ-9 kila baada ya sesheni tatu nne. Ikifika ya nane namba haijashuka usimlaumu mteja ati hajitumi, rudi kwenye faili lako uanze kuuliza upya, mara nyingi jina uliloandika ndilo lenye makosa.

Na mji wetu huu ni mdogo. Ukikutana naye Kongowea ananunua viazi usimuanze wewe salamu, mngojee, akikuamkua itikia kama mtu yeyote upite zako. Na hili mwambie siku ya kwanza kabisa, asije akadhani umemringia.