Kuomba uzamili wa uuguzi Marekani ukiwa na digrii ya fani nyingine

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye digrii ya biolojia, biashara, ualimu au hata sheria, iwe ya Dar, Nairobi au Minnesota, ambaye hajasomea uuguzi na anataka kuwa nesi bila kuanza upya miaka minne ya chuo. Kama tayari ni muuguzi uliyesajiliwa nyumbani, hii si njia yako. Wewe unahitaji hasa kuhakikiwa vyeti na kufanya NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya unesi Marekani.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Majina yanafanana, matokeo hayafanani. Programu ya Johns Hopkins, au GEM ya Rush pale Chicago, unamaliza ukiwa nesi wa kawaida (RN) mwenye uzamili. Hutoki na ruhusa ya kuandikia wagonjwa dawa. GEPN ya Yale ni ya miaka 3: kwanza unesi wenyewe, kisha ubobezi unaoweza kukufanya NP, yaani nesi anayepima, kutibu na kuandika dawa. Halafu kuna ABSN, digrii ya kwanza ya uuguzi iliyofupishwa kwa wenye digrii nyingine. Kama shabaha yako ni kufanya kazi wodini tu, linganisha kwanza na ABSN ya chuo cha serikali. Leseni ya RN ni ileile. Popote uendapo, hakikisha programu ina ithibati ya CCNE au ACEN, vyombo vinavyokagua ubora wa programu za uuguzi.

Hatua ya 2: Masomo ya sharti

Anatomi na fiziolojia sehemu zote mbili, mikrobiolojia, zote na maabara. Takwimu. Mara nyingi pia kemia, lishe na saikolojia ya ukuaji wa binadamu. Chora jedwali, masomo upande mmoja na vyuo upande mwingine, maana kila chuo kina orodha yake, na vingi havipokei sayansi uliyosoma zamani sana.

Komyuniti koleji inatosha. Ila usibebe fiziolojia na mikrobiolojia muhula mmoja huku unapiga zamu mbili za usiku. NursingCAS, mfumo ambao vyuo vingi hupokelea maombi, ukirudia somo huhesabu alama zote mbili, ya zamani na mpya. Heri somo moja na A.

Hatua ya 3: Transkripti za nyumbani

Anza miezi kadhaa kabla. Vyuo vingi hutaka tathmini ya WES au ECE, mashirika yanayolinganisha vyeti vya nje na vya Marekani, inayochambua somo kwa somo, na chuo chako ndicho kinachotuma transkripti, si wewe. Barua pepe kwa ofisi ya usajili hulala. Mwombe mdogo wako au rafiki aende dirishani kufuatilia. Anasukuma tu, bahasha haipiti mikononi mwake.

Usijigeuzie GPA. Ukiwa na 4.1 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo ni kati ya 5, na Marekani wanapima kwa 4. Acha watathmini wafanye kazi yao. Kama transkripti ina majina matatu na pasipoti mawili, jaza lile jina lingine kwenye sehemu ya majina uliyowahi kutumia. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ikiwa inatakiwa, matokeo yake hudumu miaka 2.

Hatua ya 4: Insha

Nimesoma insha nyingi za Waswahili wenzangu, na karibu zote huanza: "Tangu utotoni nimependa kusaidia watu." Futa. Hata mhudumu wa ndege anapenda kusaidia watu.

Dada mmoja anayefanya usienei (CNA, msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee aliniletea aya nzima ya huruma. Nikamuuliza, zamu yako ya mwisho ulifanya nini? Akasema alikuwa anamgeuza mzee kila baada ya saa mbili, akaona wekundu kisiginoni. Akabonyeza kwa kidole, haukufifia, dalili ya mwanzo ya kidonda cha kulalia. Akamwita nesi. Nesi akakagua kisigino cha pili na mfupa wa chini ya kiuno, akaweka mto chini ya miundi ili visigino visiguse godoro, akaandika kwenye faili, akauliza mzee anakula kiasi gani siku hizi.

Nikamwambia, andika hiyo. Aliandika: "Mimi niliona wekundu, nesi aliona kidonda ambacho bado hakijatokea." Hapo msomaji anajua mwombaji ameelewa nesi analipwa kwa ajili ya nini. (Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, unatafuta rangi iliyobadilika, joto au ugumu. Ukilijua hilo kwa vitendo, liweke.)

Usiuze misiba. Kambi ya wakimbizi au kifo cha mama kiingie tu kama kinaeleza uamuzi wako. Kisha aya moja kwa kila chuo: kwa nini hapa. Kama aya hiyo inaweza kutumwa chuo kingine kwa kubadilisha jina tu, haijaiva.

Hatua ya 5: Barua za mapendekezo

Mmoja awe nesi aliyekusimamia, mwingine mwalimu wa sayansi. Wahadhiri wa nyumbani huandika mistari mitano ya "ana tabia njema na nidhamu." Baada ya shikamoo, mpe wasifu wako, insha, na mambo mawili uliyofanya darasani kwake ambayo anaweza kuyakumbuka. Muulize pia anasoma barua pepe ipi.

Hatua ya 6: Kutuma, na pesa

Tuma wiki kadhaa kabla ya mwisho. NursingCAS huhakiki alama kabla ya kuzipeleka.

Raia na mwenye grinikadi hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali. Mwenye visa ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hapati mkopo wa serikali. Mkopo wa ziada wa serikali kwa uzamili, Grad PLUS, umefutwa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, na ule wa kawaida wa uzamili una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka. Ada za vyuo vyenye majina makubwa hupita hapo mbali. Raia na wenye grinikadi waombe pia Nurse Corps, ufadhili wa serikali unaolipa ada kwa sharti la kufanya kazi angalau miaka 2 palipo na uhaba mkubwa wa wauguzi. Ukikubaliwa, omba hesabu ya gharama zote kwa maandishi kabla hujalipa amana ya kushikilia nafasi, maana kwa kawaida hairudishwi.