Umemripoti bosi aliyekutaka kwa nguvu, sasa anakulipizia kisasi: fanya hivi

Ndugu zangu mnaofanya kazi hapa Uganda, kisasi cha bosi huanzia kwenye ratiba ya zamu. Nilipomripoti msimamizi wangu katika shamba la maua kando ya Ziwa Victoria, hakuna aliyenigombeza. Wiki mbili baadaye nikaondolewa meza ya kupanga waridi nikapelekwa chumba cha baridi, kisha nikaletewa barua ya onyo kwa kuchelewa dakika sita. Miaka mitatu sikuwahi kupewa onyo.

Kwa hiyo kwanza nunua daftari, na likae nyumbani, maana kabati la kazini hufunguliwa. Andika tarehe, saa, waliokuwa karibu, na maneno yenyewe kwa lugha aliyoyatamkia bosi, hata kama ni machafu. Mimi kila Ijumaa nilipiga picha ratiba iliyobandikwa ukutani. Picha nane tu, lakini zilionyesha wazi kwamba jina langu lilianza kuhamishwahamishwa baada ya siku niliyolalamika.

Pili, malalamiko yawe ya maandishi, na nakala yako isainiwe na aliyeyapokea. Akikataa kusaini, yatume kwa barua pepe. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa kisheria kuwa na hatua za kuzuia unyanyasaji wa kingono. Omba uonyeshwe.

Tatu, nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, yule wa serikali anayepokea malalamiko ya wafanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa haki hiyo, na inasema kumlalamikia mwajiri si sababu halali ya kufukuzwa, isipokuwa malalamiko yathibitike kuwa ya ovyo yasiyo na msingi. Ndiyo maana nasisitiza daftari.

Maswali ya wanachama

*Nahudumu hotelini Jinja. Wananitaka niandike barua ya kuacha kazi ili mambo yaishe.*
Usiandike, dada yangu. Barua hiyo wataitumia kusema uliondoka kwa hiari yako. Wakikuita kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kwenda na mtu uliyemchagua mwenyewe. Hali ikikushinda kabisa, muone afisa wa kazi kabla hujaondoka.

*Nilifukuzwa miezi miwili iliyopita. Nimechelewa?*
Bado, lakini nenda wiki hii. Malalamiko ya kufukuzwa isivyo haki hupelekwa ndani ya miezi mitatu.

*Mimi ni mwanaume. Sheria inanihusu?*
Ndiyo, kaka. Inamlinda kila mfanyakazi.

*Sina pesa ya wakili.*
Kwa afisa wa kazi unaweza kwenda mwenyewe. Wanawake, FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada wa kisheria bure.

*Shahidi wangu anaogopa kufukuzwa.*
Ana haki ya kuogopa, ana watoto. Usitaje jina lake mpaka akubali. Mwombe aandike alichokiona, aweke tarehe na sahihi, karatasi abaki nayo yeye. Wangu alikaa na yake miezi minne, halafu akanipigia simu usiku: niko tayari.