Chemba ya Ukungu: Namna ya Kuziona Njia za Chembe kwa Macho

Ukisoma kuhusu chembe za msingi, elektroni na myuoni (binamu mzito wa elektroni) hubaki majina matupu mpaka siku utakapoziona zikipita mbele yako. Kifaa cha kuzionyesha, chemba ya ukungu, hutengenezwa mezani kwa jioni mbili.

Tafuta tangi la kioo la samaki, kama sm 30 kwa 20, kimo sm 20. Ndani, kwenye kitako, bandika kitambaa kinene kinachonyonya kwa silikoni ya mafundi vioo, uache ikauke usiku kucha. Gundi ya kawaida huyeyushwa na alkoholi. Kata bamba la alumini la mm 2 au 3 linalozidi mdomo wa tangi kidogo, ulipake rangi nyeusi isiyong'aa.

Alkoholi iwe ya isopropili, asilimia 99, ile mafundi simu wanayosafishia bodi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: ile ya asilimia 70 ina maji mengi mno. Barafu kavu, yaani kaboni dioksidi iliyoganda, nunua siku hiyohiyo, kilo 2 hadi 3, kwani haihifadhiki. Ina nyuzi -78 za Selsiasi: ishike kwa glavu nene, fungua madirisha, na usiifungie kamwe ndani ya chombo kisichopitisha hewa, kitapasuka. Moto wowote usikaribie alkoholi.

Lowesha kitambaa kwa alkoholi kichuruzike kidogo, geuza tangi kifudifudi juu ya bamba, ziba ukingo wote kwa plastisini (udongo laini wa kuchezea). Tandaza barafu iliyopondwa kwenye sinia, laza bamba juu yake likiwa sawasawa. Zima taa, mulika tochi kutoka ubavuni, karibu kabisa na bamba. Subiri dakika 10 hadi 15.

Mvuke unashuka kutoka juu penye joto, na karibu na bamba unapoa kupita kiasi bila kupata pa kushikia. Chembe yenye chaji ikipita hung'oa elektroni kwenye atomi za hewa. Ioni zinazobaki, yaani atomi zenye chaji, huvutia mvuke, na mstari wa matone hujichora. Tabaka linalofanya kazi ni sm 1 au 2 tu juu ya bamba, kwa hiyo tazama chini.

Ukiona manyunyu tu bila mistari, subiri dakika tano zaidi. Ukungu ukielekea upande mmoja, hewa inaingia: kagua plastisini. Kusipoonekana kitu kabisa, bamba halijagusana vizuri na barafu, au tochi iko juu mno.

Mstari mnene na mfupi, sm chache, ni chembe ya alfa (kiini cha heli), mara nyingi ya gesi ya radoni iliyomo hewani. Mwembamba unaopindapinda ni elektroni, nyepesi, inayosukumwa huku na huku na kani ya sumakuumeme. Mwembamba ulionyooka aghalabu ni myuoni, iliyozaliwa yapata km 15 juu ya vichwa vyetu. Na mara chache sana, mstari ulionyooka hukatika kwa pembe kali: huenda myuoni imevunjika ikatoa elektroni na nyutrino mbili, chembe zisizo na chaji, zisizoacha alama. Hiyo ni kazi ya kani dhaifu ya nyuklia, mojawapo ya kani za msingi za maumbile.