SOMO: Mtoto mwenye ADHD darasani, hatua kwa hatua (darasa la I hadi la III)

Swali hili linarudi kila wiki: mtoto mwenye ADHD, yaani hali inayomfanya ashindwe kutulia au kuwa makini, nimfundisheje? Basi jibu lote naliweka hapa. Mtu akiuliza tena, mwelekezeni hapa.

Kwanza, mwalimu hapimi ADHD. Dalili huwa zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana shuleni na nyumbani pia. Anayesumbua kwenye kipindi chako tu, kiangalie kipindi. Kupima ni kazi ya daktari. Kwa sisi wa Mwanza rufaa huishia hospitali ya Bugando. Wakati mnasubiri, fanya haya:

1. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha la barabarani.

2. Kwenye dawati la watatu mweke pembeni, upande wa njia. Jirani awe mtulivu.

3. Agizo moja moja. "Toa daftari." Subiri. "Andika tarehe." Arudie kwa mdomo wake.

4. Hesabu 10 zigawe: 5 kwanza, sahihisha, afute ubao au agawe madaftari, kisha 5 nyingine.

5. Vizibo. Hapa ndipo nilipoharibu, someni polepole. Weka kopo tupu mezani na vizibo vya soda. Chagua lengo moja, mawili yakizidi, na utaje kinachotakiwa: "nyoosha mkono kabla ya kujibu", si "usipayuke". Akifanya, kizibo kilie ndani ya kopo papo hapo, na umwambie amekipata kwa nini. Vitano vikitimia achague: kupiga kengele, kuongoza mstari, au dakika 5 za kuchora. Siku ya kwanza lengo liwe jepesi, avipate.
ONYO: usimnyang'anye kizibo alichokwisha kupata. Nilifanya hivyo, saa nne asubuhi kopo lilikuwa tupu, na siku iliyobaki mtoto hakuwa na cha kulinda.
ONYO: usingoje Ijumaa ndipo umpe zawadi. Kwa mtoto huyu Ijumaa haipo.
Akichoka, badilisha zawadi, vizibo viendelee.

6. Mapumziko usimnyime kamwe. Anayahitaji kuliko wenzake.

7. Jioni mwandikie mzazi mstari mmoja, uanze na alichofaulu.

MASWALI

Mwl. Igoma: Nimepitia juu juu. Nimpe dawa gani atulie?
— Mwalimu hatoi dawa. Rudi juu, soma aya ya pili.

Chaki Nyeupe: Fimbo mbili tu anatulia. Haya yote ya nini?
— Anatulia kwa woga, dakika chache, na kusubiri zamu hajajifunza. Jaribu hatua ya 5 wiki mbili, ndipo tuongee.

Mama Ukerewe: Wangu ni wa kike, darasa la II, hasumbui mtu. Anatazama ubao ila ukimwita ni kama katoka mbali. Anaweza kuwa nayo?
— Anaweza, dada. Wapo ambao shida yao ni umakini tu, na wasichana wengi hupitwa kwa kuwa hawapigi kelele. Ila kagua mengine kwanza. Simama nyuma yake, nong'ona jina lake: huenda ni masikio. Anakunja macho akisoma ubaoni? Tena hesabu: akiganda sekunde 5 hadi 15, hata ukimgusa hashtuki, kisha akaendelea kama hakuna kitu, huenda ni kifafa cha kuzubaa, na kina matibabu yake. Andika tarehe na saa kila mara, daktari atazihitaji.

Mwl. Kirumba: Nyongeza. Tyubu kuukuu ya baiskeli, kata utepe wa vidole viwili, funga kati ya miguu ya mbele ya dawati, usawa wa kifundo. Mguu unasukuma kimyakimya, mkono unaandika.
— Safi sana! Kwenye dawati la chuma haiteremki?
Mwl. Kirumba: Inateremka. Zungusha mara mbili kabla ya fundo.

Mama Ukerewe: Na mvua ikipiga bati?
— Usishindane nayo. Andika agizo ubaoni, mguse bega, mwonyeshe kwa kidole.