Somo: Bakteria na kirusi kwenye karatasi moja

Karibuni. Wengi mnaoanza baiolojia mmeshapewa lile jedwali la safu mbili, bakteria kushoto na virusi kulia, mkaambiwa mkariri. Mimi silipendi. Unalikariri leo, wiki ijayo unajiuliza kapsidi ilikuwa upande gani. Leo tunachora. Tafuta karatasi ya A4, penseli, rula na kifutio.

Hatua ya 1: Weka kipimo

Kosa ninalokutana nalo kila mara ni bakteria na kirusi kuchorwa saizi moja. Sisi tutakuza kila kitu mara 100,000. Mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, inakuwa sentimita 10. Nanomita 100 zinakuwa sentimita 1. Andika hayo juu ya karatasi, utayarudia.

Hatua ya 2: Umbo la bakteria

Tumchukue Escherichia coli, mkazi wa utumbo. Ana urefu wa mikromita 2 hivi. Laza karatasi, chora fimbo nene yenye ncha za mviringo, sentimita 20 kwa 8. Amekula theluthi mbili hivi za urefu wa karatasi? Ndivyo inavyotakiwa. Na bado, kwa kipimo hichohicho, chembe nyekundu ya damu yako ingekuwa sinia la sentimita 75. Bakteria wengine wana umbo la tufe (kokasi) au la msokoto (spirila), hao tuwaache kwanza.

Hatua ya 3: Ukuta

Hapa msikimbie. Mstari wa ndani ni utando wa seli, unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Nje yake weka ukuta wa seli. Umefumwa kwa peptidoglikani, wavu wa sukari ulioshonwa kwa vipande vifupi vya asidi amino. Maji yakijaa ndani, wavu huo ndio unaomzuia bakteria asipasuke.

Ukuta wa E. coli ni mwembamba, kisha nje yake kuna utando mwingine, kwa hiyo mchoro wako una mistari mitatu. Bakteria wengine hawana utando wa nje ila wana ukuta mnene, nanomita 20 hadi 80. Kwenye karatasi yako hizo ni milimita 2 hadi 8. Mwaka 1884 Hans Christian Gram alitoa njia ya kuwapaka bakteria rangi, na siku hizi tunajua kwamba inategemea tofauti hiyo: wenye ukuta mnene hubaki zambarau (Gramu chanya), wenye ukuta mwembamba huishia waridi (Gramu hasi).

Hatua ya 4: Ndani

Usichore kiini. Kifutio nilikitaja kwa sababu hii, maana mkono una mazoea. DNA yake, yaani nyenzo ya urithi, ni uzi uliofungwa pete, umelala wazi kwenye saitoplazimu, ule uteute unaojaza seli. Ukiunyoosha unafika milimita 1.6 hivi, wakati mwenyewe ana milimita 0.002. Kwa kipimo chetu ni uzi wa mita 160 uliosokomezwa ndani ya kitu cha sentimita 20! Chora vurugu la uzi, inatosha. Pembeni weka pete mbili tatu ndogo za DNA, yaani plasmidi. Mara nyingi jeni za usugu wa dawa hukaa humo.

Sasa nyunyiza nukta za milimita 2. Hizo ni ribosomu, viwanda vya protini. Anazo maelfu, wewe weka hamsini. Malizia na mijeledi ya kuogelea, na usishangae ikitoka nje ya karatasi.

Hatua ya 5: Kirusi

Kirusi cha polio kina nanomita 30 hivi. Kwenye karatasi yako ni nukta ya milimita 3, inazidi ribosomu kidogo tu. Ndiyo maana mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alipochuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa, kichujio kinachonasa bakteria hakikusaidia. Majimaji yaliyopita bado yaliambukiza.

Kirusi cha mafua kina nanomita 100 hivi, duara la sentimita 1. Katikati weka nyenzo ya urithi, hapa ni RNA. Izungushie protini. Juu yake weka bahasha ya mafuta ambayo kirusi hujivika kinapotoka kwenye utando wa seli kiliyoivamia, kisha choma miiba. Umemaliza. Kirusi cha polio hakina hata bahasha: ni RNA ndani ya kapsidi, ganda la protini, basi.

Cha mwisho ni bakteriofaji T4, kirusi kinachoshambulia bakteria, sentimita 2, chenye kichwa, mkia na nyuzi kama miguu ya buibui. Mchore ametua juu ya bakteria wako. Mkia unadunga DNA ndani, ganda linabaki nje. Baada ya nusu saa hivi bakteria anapasuka na kumwaga bakteriofaji wapya.

Maswali yenu

*Mwalimu, kwa nini antibiotiki haziui virusi?*

Rudi kwenye karatasi yako. Penisilini huvuruga ushonaji wa ule wavu wa ukuta. Nionyeshe ukuta wa kirusi uko wapi. Nyingine, kama tetrasaiklini, hukaba ribosomu za bakteria. Kirusi hakina, kinaazima za seli zako, na hizo zina muundo tofauti.

*Sasa kirusi ni kiumbe hai au siyo? Kila kitabu kinasema lake.*

Hata lugha yetu imejikwaa hapo: tunasema bakteria *wanazaliana*, lakini virusi *vinaongezeka*. Kiboko na kipofu tunawapa upatanisho wa viumbe hai, kirusi tumekinyima. Mwaka 1935 Wendell Stanley aligeuza kirusi cha tumbaku kuwa fuwele, kama chumvi, na kikabaki na uwezo wa kuambukiza. Kwenye mtihani andika: nje ya seli hakina dalili yoyote ya uhai, ndani ya seli kinajinakili. Ukiandika "hai" au "si hai" bila sababu, alama utazikosa kihalali.

*Niliandika virusi vina DNA na RNA, nikakosa. Kosa liko wapi?*

Kwenye neno "na". Nyenzo ya urithi ya kirusi ni DNA *au* RNA. Bakteria ndiye mwenye zote mbili.

*Je, kila bakteria ana mijeledi na plasmidi?*

Hapana. Utando, saitoplazimu, DNA na ribosomu ni za wote. Mijeledi, plasmidi na kapsuli (tabaka la utelezi nje ya ukuta) ni za baadhi. Hata ukuta una wasio nao: mycoplasma hana, ndiyo maana penisilini haimsumbui.

*Nimechora, ila ribosomu zangu zimekuwa kubwa kuliko polio.*

Futa.