Jinsi ya kuipima kadi ya besiboli kwa picha yake

Kadi za besiboli ni vipande vidogo vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji, ambavyo watu huvikusanya. Kampuni za kupima ubora wa kadi hizo, kama PSA ya Marekani, huangalia kona, kingo, uso wa karatasi na kama picha imekaa katikati. Huangalia hata kama uchapaji una ukungu. Kisha hutoa alama, kuanzia 1 hadi 10. Mpiga picha hapewi alama yoyote: alisimama wapi, mwanga ulimjia mchezaji kutoka upande gani, na kwa nini alibonyeza wakati ule na si nusu sekunde baadaye. Kadi yenye alama 10 inaweza kuwa na picha mbovu kabisa, na kadi iliyokunjika kona ikawa na picha ambayo hutachoka kuitazama.

Mimi napiga picha za michezo, na kadi za besiboli nazikusanya kwa ajili ya picha zake. Kwa ambao mchezo huu ni mgeni kwao: mrushaji anamrushia mpigaji mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, na mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa barakoa ya chuma na kinga ya kifua. Ukiwajua hao watatu, utazielewa kadi nyingi.

Kipimo changu kikuu ni hiki. Kadi ya kawaida ina upana wa inchi 2.5 na urefu wa inchi 3.5, yaani takriban sentimita 6.4 kwa 8.9. Kampuni ya Topps, inayotengeneza kadi hizi, ilianza kutumia vipimo hivyo mwaka 1957, na ndivyo vilivyopo hadi leo. Picha nzuri ya kadi ni ile iliyopigwa, au iliyochaguliwa, na mtu aliyekumbuka kwamba itaishia kwenye kipande hicho cha karatasi. Picha inayopendeza ukutani inaweza kufa kabisa ikipunguzwa kufikia ukubwa huo.

Hatua ya 1: Andaa mwanga na lenzi

Kaa karibu na dirisha mchana, au tumia taa nyeupe. Taa ya manjano hubadilisha rangi ya ngozi na ya nyasi, na hizo mbili ndizo utakazozitegemea sana. Uwe na lenzi ya kukuzia mara 10. Itoe kadi kwenye plastiki na uishike kwa kingo, kwa sababu plastiki iliyochakaa huongeza ukungu ambao haumo kwenye picha.

Hatua ya 2: Jua mwaka kabla ya kuhukumu

Kadi za Old Judge zilitolewa kati ya 1887 na 1890 na kampuni ya tumbaku ya Goodwin ya New York, ndani ya pakiti za sigara. Ni picha halisi za kamera, za rangi ya kahawia, zilizobandikwa kwenye karatasi ngumu. Kamera za wakati ule hazikuweza kunasa mpira uendao kasi, kwa hiyo wachezaji walipelekwa studio na mpira ukaning'inizwa kwa uzi. Kwenye baadhi ya kadi uzi unauona kwa macho. Usiipunguzie kadi alama kwa hilo. Angalia mikono: je, mchezaji ameunyooshea mpira mikono kama mtu anayetaka kuudaka kweli, au amesimama tu akingoja aambiwe basi?

Zile maarufu za tumbaku zinazoitwa T206, za 1909 hadi 1911, ni michoro iliyochapwa kwa lithografia, si picha za kamera. Nyingi zilichorwa kutokana na picha, zikiwemo za Carl Horner wa Boston, ambaye picha yake ndiyo chanzo cha kadi ya Honus Wagner. Huko unahukumu mchoraji na mpiga picha kwa pamoja. Kadi za Topps za 1952 nazo ni picha nyeusi na nyeupe zilizotiwa rangi kwa mkono. Ile ya Mickey Mantle, namba 311, iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, na bei hiyo haikuambii lolote kuhusu upigaji picha.

Ukitaka kuona picha ya rangi ikiaminiwa kweli, tafuta seti ya rangi ya 1953 ya kampuni ya Bowman, yenye kadi 160. Uso wa kadi hauna jina wala nembo, ni picha na mpaka mweupe tu. Kadi namba 33, ya Pee Wee Reese, imelazwa kwa upana: Reese yuko hewani, mkimbiaji (mchezaji wa timu inayopiga anayekimbilia kituo) anateleza chini yake. Baada ya miaka 70 bado naiona kuwa mojawapo ya kadi bora kuliko zote.

Hatua ya 3: Ishike mbali, kisha ufumbe macho

Nyoosha mkono, itazame kadi kwa sekunde moja, fumba macho. Umekumbuka nini? Kama umekumbuka uso, mwili wenye umbo wazi, au kitendo kimoja, picha imefaulu mtihani wa udogo. Kama umekumbuka watu wengi na nyasi, imeshindwa.

Seti ya Topps ya 1973 ni darasa zuri kwa hatua hii. Walijaza picha za mchezo ukiendelea, lakini nyingi zilipigwa kutoka mbali, na mchezaji mwenyewe anapotea katikati ya wenzake. Kwenye kadi ya Steve Garvey, Garvey amezibwa kwa sehemu na mchezaji mwenzake, Wes Parker. Sasa weka kando yake kadi ya Johnny Bench ya 1976, namba 300. Bench amesimama na vifaa vyake vya kudakia, vumbi bado liko hewani kumzunguka. Mtu mmoja, umbo moja, na unajua kabisa kwamba kuna jambo limetokea sasa hivi.

Hatua ya 4: Tenganisha kosa la mtambo na kosa la kamera

Hapa usiharakishe, maana ndipo wengi huchanganya mambo. Iweke lenzi juu ya jicho la mchezaji. Kwenye kadi za ofseti, yaani zilizochapwa kwa mtambo wenye bamba moja kwa kila rangi, utaona vitone vya rangi nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Picha nzima imejengwa kwa vitone hivyo.

Angalia kwanza pale ambapo uso unakutana na mandhari ya nyuma. Ukiona utepe mwembamba wa waridi au samawati umejitokeza pembeni ya shavu, ujue bamba moja la rangi lilisogea wakati wa kuchapa. Hilo ni kosa la mtambo. Mpiga picha hahusiki, na nakala nyingine ya kadi hiyohiyo inaweza kuwa safi kabisa, kwa hiyo itafute.

Lakini vitone vikiwa vimekaa sawasawa, kila kimoja na ukingo wake, na bado kope za macho hazionekani, tatizo liko kwenye picha yenyewe. Hamisha lenzi hadi kwenye herufi za jezi, kisha kwenye uzio au viti vya nyuma. Mara nyingi utakuta viti ni vikali kuliko uso, maana yake fokasi ilimpita mchezaji. Kama kila kitu kina ukungu ulioelekea upande mmoja, kamera ilitikisika au shata, yaani kifuniko kinachoruhusu mwanga uingie, ilikuwa ya polepole. Kosa la namna hii haliponi kwa kununua nakala nyingine. Seti ya 1982 ya kampuni ya Fleer imepata sifa mbaya kwa sababu hiyohiyo: picha zenye ukungu, moja baada ya nyingine. Nunua kadi chache za bei nafuu za seti hiyo uzitumie kufundishia jicho lako.

Hatua ya 5: Tazama chini ya kofia

Kofia ya besiboli ndiyo adui mkubwa wa mpiga picha wa mchezo huu. Kwa miaka mingi picha za Topps zilipigwa kwenye kambi za mazoezi za Florida na Arizona mwishoni mwa majira ya baridi, na jua la saa sita mchana hushusha kivuli cha kofia hadi puani. Mpiga picha anayejali humgeuza mchezaji, humwambia ainue kidevu, hungoja jua literemke, au huwasha flashi kidogo. Utalijua hilo kwa kutafuta nukta nyeupe ya mwanga ndani ya jicho. Ikiwepo, mtu alifanya kazi.

Naangalia kwa makini zaidi nyuso za wachezaji weusi. Kamera ikipimiwa mwanga kwa jezi nyeupe inayong'aa juani, uso mweusi ulio chini ya kofia hugeuka giza tupu, na wino wa ofseti huongeza giza juu ya giza. Kadi ambayo ndani yake unaona mfupa wa shavu, jasho na rangi halisi ya ngozi ilipigwa na mtu aliyempa mchezaji heshima yake. Kwangu hilo lina uzito kuliko kitendo chochote cha kuruka.

Hatua ya 6: Kitendo kina maana gani?

Mwaka 1971 Topps walianza kuweka picha za rangi za mchezo ukiendelea kwenye kadi za kawaida za wachezaji. Kadi namba 5, ya mdakaji Thurman Munson, inamwonyesha akimgusa kwa mpira, ili kumtoa, mkimbiaji anayeteleza kuingia nyumbani, yaani kituo cha mwisho anachopaswa kufikia ili apate pointi; vumbi limetanda. Kazi nzima ya mdakaji imo humo.

Kwa mrushaji, natafuta mkono wakati mpira unatoka vidoleni. Kwa mpigaji, mpira uwemo ndani ya fremu au macho yake yakuonyeshe ulipo. Picha ya pozi haina ubaya, mradi mwili uwe na uzito wa kweli.

Hatua ya 7: Kagua picha iliyoguswa, yaani iliyorekebishwa baada ya kupigwa

Soma herufi na namba za jezi. Kadi ya Hank Aaron ya 1957, namba 20, ilichapwa kutoka negativu (filamu) iliyogeuzwa, na mtu aliyepiga kwa mkono wa kulia anaonekana wa kushoto. Picha yenyewe ni nzuri, kosa ni la ofisini.

Kofia iliyochorwa upya ni jambo jingine. Mchezaji akihamia timu mpya, wasanii walimpakia rangi za timu hiyo. Hata kadi namba 1 ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, ya Ken Griffey Jr., imeguswa hivyo: alipigwa picha na V.J. Lovero akiwa na timu ya daraja la chini ya San Bernardino, kofia ikabadilishwa kuwa ya Seattle Mariners. Siipunguzii alama, kwa sababu uso, tabasamu na mwanga havikuguswa. Napunguza pale rangi inapogombana na mwanga, yaani kofia bapa isiyo na kivuli juu ya uso wenye kivuli.

Hatua ya 8: Panga mafungu matatu

Sijumlishi pointi. La kwanza ni fungu la kadi ambazo ningejivunia kuzipiga, la pili za kazi safi ya kawaida, la tatu zilizobaki. Baada ya wiki chache napitia tena, na kadi kadhaa huhama.

Kwa anayeanza, nunua Stadium Club ya 1991 ya Topps. Picha imejaa hadi ukingoni bila mpaka, karatasi inang'aa, na humo yumo mrushaji Nolan Ryan akiwa amevaa suti ya sherehe. Fuatia na Upper Deck ya 1993. Kadi za miaka hiyo zilichapwa kwa wingi mno, kwa hiyo nyingi zake hupatikana kwa bei ya chini hata zikiwa safi.