Mkate wa Bia na Jibini Usiotiwa Hamira

Mkate huu haukandwi wala hausubiriwi uumuke. Kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na hamira kwa saa moja au zaidi hufanywa hapa na bekingi pauda, ikisaidiwa na gesi iliyomo ndani ya bia, na kwa kuwa povu huanza kupanda mara tu unga unapolowa, ni lazima oveni iwe imeshapata moto wa nyuzi 180 za Selsiasi na chombo cha kuokea, chenye urefu wa sentimita 23 hivi, kiwe kimeshapakwa siagi kabla chupa haijafunguliwa.

Chekecha gramu 375 za unga wa ngano mweupe, yaani vikombe vitatu, pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha bekingi pauda, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Sukari haiwekwi ili mkate uwe mtamu, bali hupunguza uchungu wa bia na kusaidia ganda lipate rangi. Ikiwa unga wako umeuzwa ukiwa tayari na bekingi pauda ndani, usiongeze nyingine, na chumvi ipunguze.

Jibini inayofaa ni ile ngumu yenye ladha kali, kama cheddar, kiasi cha gramu 150. Kwaruza theluthi mbili na uikate theluthi iliyobaki vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya mahindi, kwa sababu iliyokwaruzwa hupotelea ndani ya unga na kuukoleza, ilhali vipande huyeyuka palepale vilipo na kuacha vishimo vyenye jibini laini. Ichanganye na unga mkavu kwa vidole mpaka kila uzi ujitenge, la sivyo itashikana na kuzama chini.

Bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ndiyo salama zaidi. Bia nyeusi hupendeza kwa wanaoizoea, lakini uchungu wake hauondoki kwa moto. Pima mililita 340, maana chupa kubwa zinazouzwa Tanzania na Kenya huwa na mililita 500, na ukiimimina yote utapata uji badala ya mkate. Kileo pia hakiishi chote ndani ya oveni, kwa hiyo asiyetumia pombe apikiwe kwa maji ya soda, na mgeni aambiwe mapema kilichomo.

Mimina bia katikati ya unga na ukoroge kwa mwiko mara chache tu, ukiishia pale unga mkavu unapotoweka. Mchanganyiko utakuwa mzito, wenye mabonge na unaonata kwenye mwiko. Uache hivyo hivyo, kwani kuukoroga hadi uwe laini huufanya mkate uwe mgumu kama mpira. Utie chomboni, mwagia juu gramu 50 za siagi iliyoyeyushwa, na uuingize motoni bila kukawia. Siagi hiyo ndiyo inayolikaanga ganda, nami nisingependa mtu airuke.

Oka kwa dakika 45 hadi 55. Kijiti kikichomwa katikati kitoke bila unga mbichi, ingawa huenda kikatoka na jibini, na hilo si kasoro. Asiye na oveni atumie sufuria nzito yenye mfuniko, apalie makaa mengi juu na machache chini, na aanze kuuangalia baada ya dakika 35, kwa kuwa upande wa chini huwahi kuungua.

Uache chomboni dakika kumi, kisha uutoe na uupumzishe juu ya wavu kwa nusu saa kabla ya kuukata, maana ukikatwa ungali moto sana hunata kwenye kisu. Huliwa vizuri zaidi siku hiyohiyo kwa supu au maharage. Utakaobaki ukatwe vipande na kupashwa kwenye kikaango kikavu mpaka jibini ya pembeni iwe kavu na ya kahawia.